Jalada la Bibi lilikuwa chini ya meza

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni wakili wa kujitegemea, mwanamke wa miaka 39, nina mume na watoto watatu. Naishi mji mmoja wa Kanda ya Ziwa ambao nakuomba usiutaje, kwa sababu mawakili wa huku tunajuana mpaka namba za magari.

Nianze na nadhiri, maana bila hiyo hutanielewa. Nilipokuwa Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ile watu wanayoiita Shule ya Sheria pale Dar es Salaam, nilifeli. Wanaoijua hawatashangaa, mwaka 2022 matokeo yake yalizua kelele mpaka Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Mimi nilipita kabla ya kelele hizo, wakati ukifeli unalia peke yako. Mara ya kwanza nilikamatwa masomo matatu. Nikarudia, likabaki moja. Usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho nilipiga magoti kwenye chumba cha kupanga, nikasema: "Mungu wangu, nikivaa joho, kila mwezi nitabeba jalada moja la mtu asiye na kitu, mpaka nistaafu." Nikafaulu. Huu ni mwaka wa tisa, na sijaruka mwezi hata mmoja, hata ule niliojifungua kitinda mimba wangu.

Watu wananijia kwa njia nyingi. Wapo wanaoletwa na paroko, wapo wanaoletwa na mwenyekiti wa mtaa, wapo kina mama wauza samaki wa mwaloni wanaoelekezana wenyewe kwa wenyewe. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 ilipopita mikoa ya huku, watu waliamka. Wakajua wana haki, likabaki swali la nani atasimama nao mbele ya hakimu. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ila jalada la ardhi haliishi kwa mwezi mmoja, na la mirathi akishatokea mtoto ambaye ukoo haukumjua, hesabu miaka. Nimepokea zaidi ya majalada 100 ya bure na 31 bado yako wazi. Na ni bure kwa mteja tu: karatasi, nakala, nauli ya kupeleka samansi vijijini, vyote vinatoka kwenye pochi yangu.

Ofisini tuko wawili, mimi na mwenzangu tuliyesoma naye. Majalada ya wanaolipa yako kwenye kabati la chuma. Haya yangu yalipojaa nikayahamishia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, chini ya meza.

Sasa Bibi. Namwita hivyo tu. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama wote ambao hakuna aliyeandika siku yao. Ni mjane. Mumewe alimwachia majaruba matatu ya mpunga, na mtoto wa shemeji yake akayauza kwa mfanyabiashara mwenye mashine ya kukoboa. Tulianzia usuluhishi wa Baraza la Kata, ukashindikana, tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Miaka minne. Bibi hakukosa tarehe hata moja. Alikuwa anafika saa moja asubuhi, anakaa kwenye benchi la nje, viatu kavivua na kuviweka pembeni kama yuko msikitini, na Bibi ni Mkristo. Tukashindwa. Shahidi wetu mkubwa alijichanganya kwenye mipaka.

Nilimwambia Bibi tutakata rufaa Mahakama Kuu. Sheria inatoa siku 45. Hoja nilikuwa nazo kichwani, nikisema nitaandika wiki ijayo. Wiki hiyo ndiyo kampuni moja ya usafirishaji wa malori ikaniita Dar es Salaam kwa shauri lao la Mahakama ya Biashara. Shangazi, ile ada ni pango la ofisi la miezi sita. Nikaenda. Siku zikaongezwa kule, nikarudi siku ya 49 bila kujua kuwa ni siku ya 49. Siku ya 53 nilikuwa natafuta chaji ya simu chini ya meza, mguu ukagonga katoni, nikaliona jina la Bibi kwenye jalada la juu. Nilikaa palepale sakafuni.

Leo ninapokuandikia ni siku ya 11 tangu siku ile, na sijafanya kitu. Sijamwambia mwenzangu. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, anajua nina mawazo na anadhani ni ada ya shule ya bweni ya mtoto wetu. Tangu zamani akiniona nimebeba karatasi za bure hadi kitandani huniuliza, "Na sisi tufungue jalada?" Zamani tulikuwa tunacheka.

Jumapili Bibi alipiga simu baada ya misa, kama kawaida yake. "Mwanangu, karatasi zetu zinaendeleaje?" Nikamjibu, "Zinaendelea, Bibi." Jumatano akaja mwenyewe, kapanda gari la kwanza, kaniletea matobolwa, viazi vya kukaushwa, kwenye mfuko wa sukari uliofuliwa. Tukala pamoja ofisini na karanga. Nikamsindikiza stendi. Sikumwambia.

Mwenzangu naye, bila kujua hili, ameshaniambia kuwa mwaka huu ukiisha ama tunafunga mlango wa majalada ya bure ama kila mtu atafute chumba chake. Nimechoka, Shangazi. Nikiiacha nadhiri naona nimemdhulumu Mungu aliyenipa joho. Nikiendelea nitamponza Bibi mwingine. Je, nipeleke kwanza maombi ya kuongezewa muda, nikikubaliwa ndipo nimweleze Bibi, ili nisimvunje moyo bure? Na hii kazi ya kusaidia watu, nina haki ya kuiacha?

Wakili wa Kanda ya Ziwa

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue jambo moja kabla ya mengine. Barua hii haikungoja zamu yake. Nilipofika pale kwenye siku ya 11 niliiweka chini, nikampigia wakili mmoja mtu mzima ambaye huwa ananivumilia na maswali yangu, kisha nikamwandikia mwenye barua siku hiyohiyo. Amenijibu kuwa amempata wakili mwenzake wa kusimamia maombi ya kuongezewa muda, na ameniruhusu nichape barua ilivyo. Bibi, hadi ninapoandika, bado hajaambiwa. Kwa hiyo maswali yako mengi bado ni ya moto.

Yule mzee wangu hakuanza na huruma, na ninakuletea maneno yake kwa sababu wewe unayajua kuliko mimi. Alisema Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda ikiona sababu ya msingi, lakini tangu Mahakama ya Rufani iliposema mwaka 2011 katika shauri la Lyamuya Construction, kila anayeomba anajua atakavyopimwa: aeleze kila siku ya ucheleweshaji, kuchelewa kwenyewe kusiwe kwa kupindukia, aonyeshe kuwa alijitahidi na hakuwa mzembe, au aonyeshe jambo zito la kisheria kama ukiukwaji wa sheria ndani ya uamuzi anaoulalamikia. Akaongeza lile unaloliogopa, kwamba mahakama zetu zimesema mara nyingi kuwa uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha. Zile siku nane za mwanzo una la kueleza, hata kama halipendezi. Hizi 11 za kukaa na katoni utazielezaje? Ndiyo maana nilikuandikia usiku.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Maoni ya wazee wa baraza yalisomwa mbele ya wadaawa kabla ya hukumu? Aangalie mwenendo wa shauri." Kumbe hukumu zimewahi kutenguliwa kwa sababu maoni hayo hayakusomwa. Mimi sijui kama kwenye jalada la Bibi imo. Wewe unaweza kujua leo kabla ya chai ya saa nne.

Sasa tuongee, mimi na wewe.

Ulianza na nadhiri, ukamweka Bibi baadaye. Niruhusu nigeuze, kwa sababu nadhiri inaweza kungoja na Bibi hawezi. Unauliza kama upeleke maombi kwanza, na umwambie ukishakubaliwa. Naelewa moyo wa swali hilo. Mtu akivunja chungu cha mama mkwe hutamani akiunge kwanza ndipo aseme kiliwahi kuvunjika. Lakini mwombaji katika maombi hayo ni nani? Jina litakaloandikwa juu ya karatasi ni la Bibi. Kama kuna hati ya kiapo yake, kidole gumba kitakuwa chake, chini ya maneno yanayoeleza kwa nini amechelewa. Unaweza kuapa wewe peke yako, najua, na kwa kosa hili kiapo chako ni lazima kiwemo. Hata hivyo utakuwa umempeleka Mahakama Kuu kwa jambo ambalo yeye anadhani "linaendelea". Na upande wa pili watapata nakala. Mtoto wa shemeji atajua siku ya 45 ilipita kabla Bibi hajajua. Kijijini habari hiyo haitalala njiani.

Ukimwambia kwanza, hatari nazo zipo, sitazificha. Anaweza kulia, na kilio cha bibi wa miaka hiyo mbele yako ni kitu kizito. Anaweza kwenda kwa wakili mwingine. Anaweza kukushtaki kwenye Kamati ya Mawakili, inayosimamia nidhamu yenu, nayo ni haki yake. Hakuipoteza kwa kuwa hakulipa. Anaweza pia kutaka kujua kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwuliza, au labda mliulizana mwanzoni na miaka minne ikapita: bado anayataka majaruba yote matatu? Angekubali moja na fidia? Au anachotaka ni mtoto wa shemeji kusimama mbele ya ukoo na kusema aliuza kisicho chake? Simsemei. Nasema tu kwamba barua yako nimeisoma mara tatu, na sauti ya Bibi imo mara moja tu, kwenye simu ya Jumapili.

Umesema hutaki kumvunja moyo. Huyu ni mwanamke aliyezika mume, akamfikisha mtoto wa shemeji barazani kwenye jamii ambayo wengi wangemwambia anyamaze, akawahi tarehe zote kwa miaka minne. Ana moyo wa kusikia habari mbaya. Je, inawezekana unayemlinda kwa kunyamaza ni mwingine? Sikuulizi kwa ukali. Na mimi nimewahi kunyamaza hivyo, kwa mtu wangu wa karibu, na sababu niliyojipa ilikuwa hiyohiyo ya kumhurumia.

Nakuja kwenye katoni. Labda hukuona ulichokiandika: majalada ya wanaolipa kabatini, kabati la chuma, ya bure chini ya meza, miguuni. Sidhani kama ulikaa ukaamua hivyo. Nafasi iliisha, ukayahamisha, basi. Wengi tukitoa bila malipo, kuna sehemu ndani yetu inayosema mpokeaji ashukuru kwa chochote, na sehemu hiyo ndiyo hupanga majalada tukiwa na haraka. Na kwa macho ya Bibi hii kazi haijawahi kuwa ya bure. Matobolwa ni viazi alivyolima, akavichemsha, akavikata, akavianika siku kadhaa akifukuza kuku. Alikuja kukulipa, mwanangu, na ulipokea malipo.

Hapa nitaingia kidogo kwenye shamba lako, unisamehe. Nadhani hakuna mwanafunzi wa sheria nchini asiyeijua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983. Sisi tusio wanasheria tunaijua kwa jambo moja, kwamba Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi wamesahau kuwa Bi Hawa alikuwa fukara aliyesaidiwa bure na Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Kitivo cha Sheria, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwamba Jaji Mkuu Nyalali alilitaja hilo kwenye hukumu. Na kuna lingine ambalo halisemwi sana: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao aliouomba. Mahakama iliona fedha alizokwishapewa na mumewe kwa ajili ya mradi alizitumia vibaya. Wanawake wa nchi nzima walipata njia, yeye akarudi nyumbani mikono mitupu. Kila nikiikumbuka kesi hiyo hujiuliza nani alimweleza, na kwa maneno gani. Kazi ya bure hupendwa kusimuliwa kwa yale iliyoyafungua kwa wengine, lakini anayepanda gari la kwanza asubuhi ana majaruba matatu tu.

Haya, nadhiri.

Uliahidi kubeba jalada moja kila mwezi. Niliposoma hapo nikachukua kalamu. Hukuahidi kumaliza jalada, uliahidi kupokea, na kupokea kunakwenda kwa mwezi wakati kumaliza kunakwenda kwa miaka. Hata ungekuwa na nguvu za watu watatu, hesabu hiyo ingejaa tu, kama pipa linalopokea kwa mpira na kutoa kwa kijiko. Tuseme kila jalada kati ya hayo 31 linataka saa mbili tu kwa mwezi. Ni saa 62, zaidi ya wiki nzima ya kazi, kila mwezi, kabla hujamgusa anayelipa pango. Chama cha mawakili cha Marekani kwenye kanuni zake kinawahimiza wanachama watoe angalau saa 50 za namna hii. Kwa mwaka. Sisemi tuwaige, mazingira yao si yetu, na huku kwetu mtu akishakujua jina hakuhesabii saa. Nimevutiwa tu kwamba wao wamehesabu muda wa wakili, na wewe ukahesabu watu wanaoingia mlangoni.

Na nadhiri hiyo ilizaliwa wapi? Usiku wa kuamkia mtihani wa kurudia. Niambie kama nakosea: kuna siku unapokea jalada la mwezi na unasikia ahueni ileile ya kuona jina lako kwenye orodha ya waliofaulu? Kama ipo, basi pengine sehemu fulani ya wewe bado imekaa kwenye kile chumba cha kupanga, na kila anayeingia na kesi ya bure ni karatasi nyingine ya mtihani. Hilo halifanyi wema wako uwe wa uongo. Watu zaidi ya 100 walisimamiwa. Ila mtu anayerudia mtihani hawezi kusema "hili silimudu", na wakili mzuri anatakiwa aweze kusema hivyo.

Kuhusu kumdhulumu Mungu, mimi si wa kuamua. Umetaja misa na paroko. Kanisa lako lina utaratibu wake kwa nadhiri za mtu binafsi. Paroko anaweza kumwondolea mtu nadhiri ikiwepo sababu ya haki. Uliza. Paroko huyohuyo anayekuletea wateja pengine hajui kuwa wako 31. Inaweza kuwa zamu yake kukusikiliza.

Umeniuliza kama una haki ya kuacha. Njia naziona kadhaa, na hakuna hata moja isiyo na mwiba. Ukifunga mlango kabisa, mwenzako atafurahi na pango litalipwa, lakini wale 31 hawafungiki kwa mlango. Kwa walio mahakamani kujitoa kunataka ruhusa ya mahakama, na mtu unayemwacha katikati ya shauri ni afadhali usingemgusa. Tena nina wasiwasi, kwa jinsi unavyoandika, kwamba miezi sita haitapita kabla hujapokea mmoja kwa siri, na siri ndiyo imetufikisha hapa.

Unaweza kuacha kupokea mapya mpaka haya yapungue. Hapo utalazimika kumwambia mtu "hapana" uso kwa uso, mama mwenye mtoto mgongoni, na utalala na sura yake. Lakini "hapana" yenye anwani ni tofauti na "hapana" tupu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, ila ni kiasi gani cha katoni yako kinahitaji joho? Kikao cha ukoo, kumfuatilia mtu ofisi ya kata, hayo wanaweza. Zipo pia taasisi kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wapo mawakili wapya wanaotafuta uzoefu. Hatari yake unaijua: ukigawa majalada bila kufuatilia, unamgawa na mtu aliyemo. Ukigawa kwa wenye kazi nyingi kama wewe, umehamisha katoni tu.

Kutoza ada kidogo? Wengine wanasema mteja akilipa hata shilingi 20,000 atakuwa na sauti ya kukuuliza. Labda. Ninachoogopa ni mbuzi. Mtu atauza mbuzi ili akulipe hizo 20,000, na wewe utajua.

Na kuna njia ambayo hukuitaja: kuajiriwa moja kwa moja na taasisi ya msaada wa kisheria, ufanye hii tu. Mshahara wa kueleweka, lakini fedha za wafadhili zina mwisho wa mradi, na mwenzako atabaki na pango lote. Nimeitaja kwa sababu sikuona mahali popote kwenye barua uliposema unaipenda ile kesi ya malori. Pengine unaipenda, hukuwa na nafasi ya kusema.

Mume wako nitampitia haraka. Amekuuliza kwa mzaha kama nao wafungue jalada. Mwanamume anayeuliza kwa mzaha kwa miaka huwa anauliza kweli. Mwambie hili la Bibi. Siyo ili atoe hukumu; ili usiku mmoja ulale bila kugeuka. Mwenzako wa ofisini naye ni vizuri alijue kutoka kwako, maana ubao wa ofisi una majina mawili, na kosa la tarehe likifika kwenye Kamati halitamwacha yeye akinywa chai. Ukiwa naye, kabla ya mabishano ya nani ahame, muulize jambo dogo: nani anatunza kalenda? Ukisoma vizuri ulichoniandikia, Bibi hakuponzwa na nadhiri, wala na kampuni ya malori. Siku ya 45 haikuwa imeandikwa popote ambapo mtu mwingine angeiona ukiwa safarini.

Nimesema mengi, na uamuzi wa nadhiri sikuutoa, wala sitautoa. Wewe ndiye utakayeamka nao.

Kuhusu safari ya kwa Bibi, kama utaamua kwenda. Usimwite ofisini, kule kuna meza kati yenu, na chini ya meza unajua kuna nini. Nenda kwake, asubuhi, kabla ya jua la kuanika. Mpigie Jumamosi, usingoje simu ya Jumapili. Sema tarehe kwa namba: rufaa ilitakiwa siku ya 45, mimi nilikumbuka siku ya 53, kosa ni langu. Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Usimweleze habari za Dar es Salaam mpaka aulize. Mpeleke na yule wakili mwingine kama Bibi atapenda, lakini asiingie na wewe mara moja. Akae kwanza nje na watoto.

Na usiende mikono mitupu, maana umekula matobolwa yake. Sukari kilo mbili na sabuni, ni adabu ya mgeni yeyote. Ukizidisha hapo ataanza kujiuliza unalipia nini kabla hujafungua mdomo.